Kielelezo Kimepita Mikononi mwa Nani?

Tarehe 6 Oktoba 2000, kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya tamthilia ya CSI, inayowahusu wapelelezi wa sayansi jinai wa mji wa Las Vegas. Mwanamume amekutwa amekufa ndani ya beseni la kuogea, na karibu yake kuna kinasa sauti chenye ujumbe wa kuaga dunia. Kila dalili inaonyesha kwamba amejiua. Gil Grissom, mtaalamu wa wadudu anayeshughulikia kesi hiyo, anaikuta kwenye kinasa sauti alama ya kidole cha mtu mwingine kabisa. Mwenye kidole anatafutwa, anapatikana. Ni fundi wa vinyago vya kutisha vya sikukuu ya Halloween, naye ana maelezo: mkono wake ndio uliotumika kuwa kalibu ya mikono bandia ya mpira, na mikono hiyo imeuzwa kwa maelfu. Yeyote aliyenunua mkono mmoja anaweza kuigandamiza alama hiyo popote apendapo. Fundi anaachwa. Mtazamaji itambidi angoje vipindi kadhaa ndipo ajue kwamba fundi yule ndiye muuaji.

Katika sehemu hiyohiyo yumo binti mgeni kazini, Holly Gribbs. Anapelekwa kwenye nyumba iliyovunjwa akachukue alama za vidole. Mwenzake mzoefu, aliyepaswa kukaa naye, anaondoka kwenda kushughulikia mambo ya kamari. Mhalifu anarudi. Holly anapigwa risasi akiwa peke yake katika eneo la tukio, na sehemu inayofuata inapoanza hana siku nyingi za kuishi.

Anthony Zuiker, mbunifu wa tamthilia hiyo, aliyaweka mambo hayo mawili mlangoni kabisa mwa hadithi yake: alama ya kidole inaweza kutumiwa kudanganya, na eneo la tukio likikosa mlinzi huleta msiba wa pili. Misimu 15 ikafuata, hadi mwaka 2015, pamoja na matawi ya Miami na New York. Watazamaji wakayasahau yote mawili. Kilichobaki vichwani ni mashine. Tone la damu linawekwa, kompyuta inatafuta, sura inatokea kwenye kioo, na kabla saa haijaisha mtu ameshatiwa pingu.

Nyanda za juu za Kigoma nazo zimezitazama hadithi za aina hii, nyingi kwa njia ya kibanda umiza: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta, na mara nyingine sauti ya msimulizi juu ya Kiingereza cha wahusika, kwa mtindo ambao Lufufu aliufanya upendwe nchini. Tangu mkoa ulipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, jenereta zimepungua kelele na televisheni zimeongezeka majumbani. Ni jambo jema. Lakini limeongeza pia imani moja ambayo mhadhara huu unataka kuikabili uso kwa uso: kwamba haki inakaa ndani ya mashine, Dar es Salaam huko, na kwamba wa hapa hawana la kufanya isipokuwa kusubiri majibu.

Maabara haioni ila kile kilicholetwa mezani. Na kinachofika mezani kimepita kwanza mikononi mwa watu ambao hakuna tamthilia inayowaonyesha: jirani, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mgambo, muuguzi wa zahanati, dereva wa bodaboda.

Tuseme mtu amekutwa amekufa shambani, upande wa Mtabila, asubuhi ya Novemba baada ya mvua ya usiku. Anayemwona kwanza ni mama anayekwenda kulima. Anapiga yowe. Ndani ya robo saa wamefika watu 10; ndani ya saa moja watu 60. Wa kwanza kati yao anavua kitenge chake na kumfunika marehemu, maana hakuna mtu mwenye utu atakayemwacha mwenzake amelala wazi mbele ya watoto. Mwingine anamfumba macho. Panga lililoko pembeni linaokotwa na kusimamishwa kwenye shina la mgomba ili asije akaumia mtu. Kila kilichofanyika hapo ni adabu, ni malezi, na hakuna wa kulaumiwa. Ila udongo mwekundu wa shamba lile ulikuwa umeshika nyayo za mtu mmoja aliyeondoka usiku, na sasa zimekanyagwa na miguu 120.

Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, alifundisha kwamba watu wawili au vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Mafundisho hayo hutajwa kwa ajili ya mhalifu, lakini yanamhusu pia mwombolezaji. Kitenge kilichofunika maiti kimeacha nyuzi zake na kuchukua za wengine. Mkono uliolisogeza panga umeacha jasho lake kwenye mpini.

Yapo mambo ya kufanya, na hayahitaji fedha. Heshima ya marehemu inaweza kulindwa kwa vitenge vilivyofungwa kwenye vijiti kuzunguka eneo, kama uzio, badala ya kumlalia mwilini. Unyayo ulio wazi hufunikwa na beseni au ndoo iliyogeuzwa juu chini, mvua isiufute, kisha jiwe likawekwa juu ili upepo usikiondoe chombo. Mtu mmoja tu apewe kazi ya kuzuia watu, na mwingine aandike daftarini: nani alifika wa kwanza, saa ngapi, aligusa nini, nini kilikuwa wapi kabla hakijasogezwa. Daftari la shule la kurasa 32 linatosha. Mpelelezi akifika baada ya saa tatu, au nne kama barabara imechafuka, ukurasa huo utamfaa kuliko mashine yoyote aliyoiona kwenye filamu.

Kuna pia suala la mfuko. Nguo yenye damu, ikiingizwa kwenye mfuko wa plastiki ikiwa bado mbichi, huvunda. Unyevu hauna pa kutokea, vijidudu huzaana, na vinasaba huharibika kabla ya safari kwisha. Wataalamu huiacha nguo ikauke kivulini, wasiianike juani, kisha huitia kwenye karatasi, kila nguo na bahasha yake. Mikono ya marehemu nayo huvikwa mifuko ya karatasi na kufungwa kwenye vifundo, kwa sababu chini ya kucha ndiko ngozi ya mshambuliaji inakoweza kubaki. Rambo, yaani mfuko huo wa plastiki, ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, sababu ilikuwa mazingira. Kwa vielelezo vya damu ingekuwa imepigwa marufuku zamani. Bahasha ya kaki inayouzwa kwenye duka la vifaa vya shule mjini Kasulu ndiyo chombo bora kabisa cha sayansi jinai kinachopatikana umbali wa safari ya bodaboda.

Wanasheria wa Tanzania wana jina la safari hiyo ya bahasha: mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Mahakama ya Rufani iliufafanua kwa uzito katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, iliyosikilizwa Dodoma. Ilitaka kumbukumbu za maandishi, zenye mfuatano wa wakati, zinazoonyesha kitu kilikamatwa na nani, kikakaa kwa nani, kikahamishwa lini, kikachunguzwa na nani, na kikaishia wapi. Lengo halikuwa kumsumbua polisi. Lilikuwa kumhakikishia hakimu kwamba kisu kilicho mbele yake ni kile kisu, si ndugu yake. Miaka iliyofuata mahakama hiyohiyo ililegeza kidogo, ikasema vipo vitu visivyobadilishika kirahisi, ambavyo kukosekana kwa karatasi moja hakuwezi peke yake kuviangusha. Lakini damu, unga, nywele na mate si miongoni mwa vitu hivyo. Kielelezo cha namna hiyo kikikosa saini moja katikati ya Kasulu na maabara, wakili wa utetezi atauliza swali moja tu mahakamani: kilipita mikononi mwa nani? Na akijibiwa kwa kimya, anayo haki ya kushinda. Mtu asiye na hatia naye hulindwa na saini hizo hizo.

Kalamu inaweza kuharibu kuliko mvua. Mwezi Septemba 1988, Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28 aliyekuwa akipiga picha za wanyama, alipotea katika hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya. Baba yake, John Ward, akaja kumtafuta, na vilivyopatikana vilikuwa taya na kipande cha mguu. Daktari aliyepima mabaki aliandika kwamba mifupa ilikuwa imekatwa. Mkubwa wake akaibadilisha ripoti, na maneno yaliyoashiria mkato wa chombo chenye makali yakawa maneno ya mfupa uliopasuka na nyama iliyochanwa. Neno moja liligeuza mauaji kuwa kazi ya simba. Baba hakukubali. Alichukua ushahidi kwa wataalamu wengine, akarudi Kenya safari baada ya safari, na mwaka 1989 mahakama ya uchunguzi wa kifo ikakubali kwamba binti yake aliuawa. Walioshitakiwa baadaye, kwa nyakati tofauti, waliachiwa wote. Mfupa ulisema kweli tangu siku ya kwanza. Aliyeusemea ndiye aliyebadilisha.

Tanzania haikuanza jana katika kazi hii. Maabara iliyozaa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ilianzishwa na Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1895. Sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu ilipitishwa mwaka 2009, na mamlaka yenyewe ikapewa sheria yake mwaka 2016. Ina ofisi za kanda, ya Mwanza ikiwa ndiyo inayohudumia ukanda wa ziwa. Jeshi la Polisi nalo lina kitengo chake cha sayansi jinai kwa alama za vidole, maandishi na silaha. Wananchi wengi humfahamu Mkemia Mkuu kwa kesi za baba wa mtoto, na pengine ndiyo sababu hudhani majibu ya vinasaba ni ndiyo au hapana tu, ya haraka na ya mkato.

Waliosubiri Shakahola wanajua vingine. Aprili 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja walioshinda njaa hadi kufa. Idadi ikapita 400. Mkuu wa madaktari wa uchunguzi wa maiti wa serikali, Johansen Oduor, alikuwa akitangaza matokeo mbele ya waandishi wa habari siku baada ya siku, huku ndugu wakitoa sampuli za mate ili zilinganishwe. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya ndugu zao kwenye mochwari ya Malindi mwishoni mwa Machi 2024. Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita, na wakati huo waliotambuliwa kwa vinasaba walikuwa 34. Hapa ndipo tamthilia inapowaumiza watu wa kweli: mama anayejua kutoka kwenye runinga kwamba majibu hutoka baada ya tangazo la sabuni, akingoja miezi 11, ataamini anafichwa.

Marekani imani hiyo ilipata hata mtu wa kuipima. Jaji Donald Shelton wa Michigan aliwahoji watu zaidi ya 1,000 walioitwa kuwa wazee wa baraza, akachapisha matokeo mwaka 2006. Asilimia 46 walitegemea kuona ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai, iwe kubwa au ndogo. Mahakama za Tanzania hazina baraza la kura kama la Marekani, lakini jamii ina baraza lake: barazani, kilabuni, kwenye mstari wa maji. Binti akidai kubakwa, utasikia mtu akiuliza, "Vinasaba viko wapi?" Sheria haiulizi hivyo. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2006 ulishika kwamba ushahidi bora wa kosa la kujamiiana ni wa yule aliyetendewa. Maneno yake yakiaminika, yanatosha. Kipimo cha daktari na fomu ya polisi namba tatu, ile PF3 inayojulikana na kila mtu, vinasaidia, na ni muhimu aende hospitali kabla ya kuoga na ndani ya saa 72, kwa ajili ya ushahidi na zaidi kwa ajili ya dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Lakini asirudishwe nyumbani na mtu anayesema bila mashine hakuna kesi.

Kuhusu alama za vidole, Afrika Mashariki ina kumbukumbu yenye kidonda. Mbinu ya kuzipanga ilikamilishwa Calcutta, India, ambako ofisi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1897, na kazi kubwa ya hesabu zake ilifanywa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa mfumo ulibeba jina la bosi wao Mwingereza, Edward Henry. Kenya, vidole havikuwafikia watu wengi kwa kumsaka muuaji. Viliwafikia kwa kipande, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, karatasi ya mtu mwenyewe ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni, ili kibarua asiweze kumtoroka mwajiri. Katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta vidole vimekuwa vikibonyezwa kwenye kioo ili mtu ajulikane kuwa ni yeye. Kidole ni kilekile. Tofauti iko kwa anayekiuliza, na anataka nini.

Na kidole hukosea pia, au tuseme macho ya binadamu hukosea. Machi 2004 mabomu yalipoua watu zaidi ya 190 katika treni za Madrid, alama iliyokutwa kwenye mfuko wa plastiki ilipelekwa FBI. Wataalamu wao wakasema ni ya mwanasheria mmoja wa Oregon. Akakamatwa. Polisi wa Hispania wakaonyesha kwamba ni ya mtu mwingine, kutoka Algeria. FBI iliomba radhi, na serikali ya Marekani ikamlipa mwanasheria huyo dola milioni mbili. Hakukuwa na mkono wa mpira hapo, kulikuwa na wataalamu waliokwisha kuamini.

Kwa watu wa Mtabila, swali la vinasaba lilikuja kwa sura nyingine. Kambi ya wakimbizi Warundi iliyokuwa hapa, ambayo leo eneo lake ni kikosi cha JKT, 825 KJ, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na wakimbizi wengi wakarudi Burundi. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2007, maelfu ya waliokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi walichukuliwa kutoka kambi za magharibi mwa Tanzania kwenda kuishi Marekani. Walioondoka waliacha ndugu, na ndugu wakaomba kufuata. Mwaka 2008 Wamarekani walianza Nairobi majaribio ya kupima vinasaba vya wakimbizi waliokuwa wakiomba kuungana na jamaa zao, hasa Wasomali na Waethiopia, kisha wakapanua kwenda nchi nyingine za Afrika. Familia ambazo undugu wote uliotajwa ulithibitishwa kwa vinasaba hazikufika hata moja katika kila tano. Mpango ukasimamishwa, ukarejea mwaka 2012 ukiwa na sharti la kupima.

Wapo waliodanganya, na haifai kukana. Lakini yeyote aliyelelewa katika nyanda hizi anajua jambo ambalo kipimo hakikuulizwa. Mtoto wa marehemu kaka si mpwa wa karatasi, ni mwanangu. Mama mdogo ni mama. Msichana aliyeokotwa njiani akiwa na miaka miwili, wakati watu wakivuka mpaka usiku mwaka 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, amekua akimwita mama yule aliyembeba mgongoni. Mahojiano yakifika, atasema huyu ni mama yangu, na hatakuwa amesema uongo kwa lugha yake. Maabara ilijibu sawasawa swali la damu. Swali la nani alimlea nani halikuwekwa kwenye bomba la sampuli. Inafaa kukumbuka kwamba matumizi ya kwanza kabisa ya mbinu ya kutambua watu kwa vinasaba ya Alec Jeffreys, aliyeigundua Leicester mwaka 1984, hayakuwa ya kumnasa mhalifu. Yalikuwa ya kumrudisha mtoto wa familia ya Kighana kwa mama yake, mwaka 1985, baada ya maofisa wa uhamiaji wa Uingereza kutomwamini. Chombo hicho hicho kilifungua mlango, kikaja kufunga mwingine.

Mpelelezi wa kweli wa sayansi jinai aliye karibu zaidi na eneo hili hakutokea kwenye televisheni, na wengi hawajui kwamba ni damu ya Tanzania. Clea Koff ni mtoto wa Msindo Mwinyipembe, mama Mtanzania, na baba Mmarekani, David Koff, wote wawili watengenezaji wa filamu za matukio ya kweli. Alikuwa na miaka 23 alipofika Kibuye, Rwanda, mwanzoni mwa mwaka 1996, akiwa miongoni mwa wataalamu wa mifupa walioongozwa na William Haglund. Walitumwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha. Nyuma ya kanisa Katoliki, juu ya kilima kinachotazama Ziwa Kivu, palikuwa na kaburi la pamoja la waliouawa katika mauaji ya kimbari.

Hapakuwa na mwanga wa buluu wala muziki. Kulikuwa na sepeto, ndoo na brashi, na kwa sehemu ambazo brashi ilikuwa pana mno, vijiti vyembamba. Kila mwili ulipewa namba kabla ya kuondolewa, ukapigwa picha ulipolala, ukachorwa ulivyolaliana na mwenzake, maana mkono ukitengwa na mwili wake kwa haraka ya saa moja hautarudi kamwe. Walifukua watu 493. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Mifupa ilionyesha mapigo ya vitu vizito na vyenye makali, vichwani zaidi, na hiyo ilifuta kabisa hadithi ya watu waliokufa vitani wakipigana. Ushahidi wa Haglund ulisikilizwa Arusha katika kesi ya Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, na mfanyabiashara Obed Ruzindana. Hukumu ilitolewa tarehe 21 Mei 1999: Kayishema kifungo cha maisha, Ruzindana miaka 25.

Lakini kumhukumu mkuu wa mkoa si sawa na kumpa mtu jina. Watu hawa hawakuwa na picha za meno hospitalini wala majalada ya daktari. Ndipo ikaandaliwa siku ya nguo. Nguo za marehemu zilifuliwa, zikakaushwa, zikapangwa hadharani, na waliobaki hai wakaitwa kuja kuangalia. Watu walipita katikati ya mistari ya mashati, sketi na sweta za watoto, wakiinama, wakigeuza kola, wakitafuta kiraka walichokishona wenyewe. Waliopata jina kwa njia hiyo walikuwa wachache sana. Koff aliandika kumbukumbu za kazi hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 2004, na amefanya kazi kama hiyo Bosnia, Kroatia na Kosovo.

Upande wa pili wa mpaka kutoka Kibondo, kazi ya namna hiyo imefika karibu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2020, tume ya ukweli na maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi sita mkoani Karuzi, karibu na mto Ruvubu, ikatangaza zaidi ya miili 6,000. Ni watu wa 1972. Pamoja na mifupa zilitoka risasi, vipande vya nguo, miwani na rozari, na baadhi ya marehemu walitambuliwa kwa vitu hivyo.

Watoto wa watu hao ni wazee sasa. Wengi wako upande huu: katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, miongoni mwa zaidi ya watu 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania, na wengine wametawanyika katika vijiji vya Kigoma. Wanakumbuka baba alivaa nini asubuhi alipochukuliwa. Wanakumbuka jino lililong'oka, mguu uliovunjika kwa baiskeli na kupona ukiwa umepinda, kifungo kimoja cha koti kisichofanana na vingine. Kwa mtaalamu wa mifupa mtu wa namna hiyo ni jalada hai, na kazi huanza kwake kabla ya kushika sepeto. Wanafunzi wa sekondari wa Kasulu na Kibondo wanazungumza Kiha, lugha inayosikilizana na Kirundi, na kila mmoja wao ana daftari. Maswali ya kuanzia yanajulikana: alikuwa na urefu gani, alipungukiwa meno yapi, aliwahi kuvunjika wapi, alitoka nyumbani amevaa shati la rangi gani, na nani alilishona.